Usisimamishe maisha ukingoja droo ya Kanada

Kama una rafiki aliye kwenye Express Entry, utamjua kwa simu yake. Saa moja jioni mko Kondele mnangojea smoki pasua, yeye ameinamia kioo. Saa mbili usiku mmefika Manyatta, bado anafungua ukurasa uleule. Muulize kuna nini, atakujibu bila kuinua kichwa: "Leo ni Jumatano, huenda droo ikatoka." Ottawa iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kulingana na msimu, kwa hivyo mchana wao ndio jioni yetu. Ndiyo maana kuna vijana hapa Kisumu ambao siku hizi hula chakula cha jioni jicho moja likiwa kwa sahani na lingine kwa simu.

Kisha droo inatoka. Alama zilizotakiwa zimepita zake kwa mbali. Anaweka simu mfukoni, anasema "sawa tu", na wiki mbili baadaye anaanza tena.

Simcheki. Nimekaa ndani ya kapu hilo mwenyewe. Niliingia nikiwa na miaka 28. Profaili yangu ilikaa miezi 12, ikaisha muda, nikafungua nyingine. Katika kipindi hicho nilikataa kazi mbili, moja Bondo na nyingine Homa Bay, kwa sababu nilijiambia hakuna haja ya kuanza kazi nitakayoiacha. Mtu niliyekuwa nikipanga naye maisha alichoka kuambiwa "ngoja droo kwanza", naye hakungoja. Hakuna mtu wa Ottawa aliyenilazimisha kufanya hayo. Nilijifanyia mwenyewe.

Kwa hivyo leo nataka tuongee, mimi na wewe unayengoja. Sitakuambia uache. Kutaka kwenda si dhambi. Nitakuambia kwamba namba unayoitazama kila jioni husukumwa na mambo mengi ambayo huwezi kuyagusa, na machache ambayo unaweza. Wengi wetu tunakesha na yale ya kwanza na kuyapuuza ya pili, huku maisha yetu ya hapa nyumbani yakiota kutu.

Si bahati nasibu

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo mtaani huchanganywa. Green card ya Marekani ni bahati nasibu: kompyuta inachagua majina, na aliyesoma sana hana nafasi kubwa kuliko mwenzake aliyetimiza masharti. Express Entry, iliyoanza Januari 2015, ni mashindano ya alama. Kwanza unapita lango: kwa mtu aliye nje ya Kanada na mwenye taaluma, lango hilo ni alama 67 kati ya 100. Ukipita, unaingia kwenye kapu la wanaosubiri, na humo unapewa alama nyingine ambazo kilele chake ni 1,200. Umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi ndivyo vinavyohesabiwa. Kila baada ya muda, serikali ya Kanada inafanya droo: inatangaza itawaalika watu wangapi, inaanza na mwenye alama nyingi zaidi na kushuka hadi idadi hiyo itimie. Alama za mtu wa mwisho kualikwa ndizo zile unazoziona zikitangazwa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kwamba anayefaa Kanada ni mwenye 529. Namba hiyo inatokana na mambo mawili tu: nafasi ni ngapi, na nani wako kwenye kapu siku hiyo. Wakikaribisha wengi, inashuka. Wenye alama kubwa wakiongezeka, inapanda. Wewe unaweza kuwa mtu yuleyule, na digrii ileile ya Maseno, ukafaa mwezi Machi na usifae mwezi Agosti.

Unataka ushahidi? Droo ya kwanza kabisa, Januari 2015, ilitaka alama 886. Tarehe 13 Februari 2021 walialika watu 27,332 na alama zikashuka hadi 75. Naam, sabini na tano. Kwa nini? Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Covid, na serikali ilikuwa na lengo la idadi ya wahamiaji la kutimiza, basi ikawageukia waliokuwa na uzoefu wa kazi wa Kanada, ambao wengi wao walikuwa tayari ndani ya nchi. Sisi tuliokuwa nje tukafungiwa. Kuanzia mwisho wa Desemba 2020 hadi Julai 2022, mwenye taaluma aliyekuwa Nairobi, Kisumu au Kampala bila uzoefu wa Kanada hakualikwa kupitia mlango wake wa kawaida. Ni karibu mwaka mmoja na nusu. Mlango ulipofunguliwa tena, tarehe 6 Julai 2022, alama zilikuwa 557.

Fikiria mtu aliyetimiza miaka 30 katikati ya kimya hicho. Alikosea wapi? Hakukosea popote. Alikuwa kijana Kenya wakati nchi nyingine ilikuwa na shida zake.

Nani anaigeuza hiyo namba

Jambo la kwanza ni hesabu ya mwaka. Kila mwaka, kwa kawaida ifikapo Novemba mosi, waziri wa uhamiaji wa Kanada hupeleka bungeni mpango wa idadi ya watu watakaopewa ukaazi wa kudumu. Mpango wa awali ulikuwa wa kupokea watu 500,000 mwaka 2025. Oktoba 2024 serikali ikabadilisha nia: 395,000 mwaka 2025, 380,000 mwaka 2026, 365,000 mwaka 2027. Sababu zake ni za nyumbani kwao: kodi ya nyumba imepanda, hospitali zimejaa, wapiga kura wananung'unika. Yaani mwenye nyumba wa Toronto akipandisha kodi, kijana wa Nyalenda anahisi.

La pili ni nani wamo ndani ya kapu pamoja nawe. Mpango huohuo wa Oktoba 2024 ulisema kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watakaopata ukaazi mwaka 2025 watakuwa watu ambao tayari wako Kanada, kama wanafunzi au wafanyakazi wa muda. Hao wana uzoefu wa kazi wa kule, ambao una alama zake. Wewe unashindana nao ukiwa Mamboleo.

La tatu, na ndilo lililobadilisha mchezo zaidi, ni droo za makundi. Tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikiendesha droo za watu wa kazi fulani au lugha fulani tu: wahudumu wa afya, mafundi wa mikono, watu wa sayansi na teknolojia, wanaojua Kifaransa. Februari 2025 wakaongeza walimu na watu wa elimu, na wakaondoa madereva na kazi nyingine za uchukuzi. Droo ya jumla, ile ya kila mtu, ya tarehe 23 Aprili 2024 ilitaka alama 529. Mwaka mzima wa 2025 ukapita bila droo ya aina hiyo hata moja. Kama ulikuwa mhasibu Kisumu mwenye alama 480, bila Kifaransa na bila mkoa wa Kanada uliokuteua, ulikuwa ukifungua ukurasa ule kila Jumatano kungojea matatu ambayo haikuwa barabarani.

Sasa linganisha. Julai 2025 wahudumu wa afya walialikwa kwa alama 475. Wanaojua Kifaransa walialikwa kwa 379 Machi 2025, ikapanda hadi 481 Agosti, ikashuka tena baadaye. Ni nchi ileile, mwaka uleule.

Tena usidhani ni Kanada pekee. Uingereza ilikuwa ikichukua walezi wa wazee kutoka kwetu kwa wingi, halafu tarehe 22 Julai 2025 ikafunga mlango huo kwa waombaji wapya wa ng'ambo. Kuna watu walikuwa katikati ya kozi. Ujerumani nayo ikafungua mlango: tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, na mara ile madarasa ya Kijerumani yakawa gumzo kila mahali. Milango hufunguka na kufungwa kwa sababu za wenye nyumba.

Piga hesabu yako mwenyewe

Haya, tuje kwa yale unayoyaweza. Wacha tuchukue mfano. Dada wa miaka 29, hajaolewa, ana digrii moja, amefanya kazi ya kitaaluma hapa Kenya kwa miaka sita, hajawahi kuishi Kanada. Amefanya IELTS akapata 7.5 kwa kusikiliza, na 6.5 kwa kusoma, kuandika na kuzungumza. Mtaani tungesema amepita vizuri. Alama zake kwenye kapu ni 360.

Arudi afanye mtihani uleule, apande nusu alama tu kila mahali: 8 kwa kusikiliza, 7 kwa hayo mengine. Alama zake zinaruka hadi 429. Ni tofauti ya 69. Hakuongeza digrii wala mwaka wa kazi. Sababu ni kwamba lugha huhesabiwa mara mbili: mara moja yenyewe, na mara ya pili inapounganishwa na elimu na uzoefu. Hapo ndipo wengi hupoteza. Mtu anajiambia "Kingereza nakijua, nimesoma nacho tangu darasa la kwanza", anaingia kwenye chumba cha mtihani bila kufanya hata karatasi moja ya mazoezi, halafu anakaa miaka miwili akilaumu Ottawa.

Lakini sitakudanganya: 429 haikutosha kwa droo za jumla za 2024. Mwongezee dada huyo shahada ya uzamili, atafika 469. Bado haikutosha. Hiyo ndiyo habari ambayo hakuna wakala atakayekupa, kwamba kuna watu werevu, waliosoma, ambao kwa njia ya kawaida hawafiki hata wakijipinda vipi.

Sasa badala ya uzamili, mpe Kifaransa cha ngazi ya 7 kwenye mizani ya Kanada, kwa sehemu zote nne. Akiwa na digrii yake ileile moja, 429 inakuwa 491, na zaidi ya hapo anaingia kwenye droo za Kifaransa. Alama hizo zingepita kila droo ya Kifaransa ya mwaka 2025, hata ile ya 481.

Najua unachotaka kusema. Kifaransa kitatoka wapi hapa ziwani? Kinatoka karibu kuliko unavyodhani. Chuo Kikuu cha Maseno kimefundisha Kifaransa kwa miaka mingi, na kuna walimu waliohitimu pale ambao wanatafuta wanafunzi. Kuna ndugu zetu wa Kongo na Burundi tunaosali nao na kununua vitenge kwao. Lakini pia usidhani ni wiki sita za video za simu. Ngazi hiyo ni ya mtu anayeweza kubishana, kuandika barua na kufuata habari redioni. Kwa anayeanzia sifuri, hesabu mwaka mmoja au zaidi wa bidii ya kweli. Ninachosema ni kwamba huo mwaka utapita hata hivyo. Utapita ukijifunza, au utapita ukifungua ukurasa.

Kuna pia saa. Ukiwa na miaka 20 hadi 29, bila mwenzi, umri unakupa alama 110. Siku unapotimiza 30 zinakuwa 105. Ukifika 35 ni 77, ukifika 40 ni 50, na ukifika 45 ni sifuri. Mfumo unapunguza wenyewe siku ya kuzaliwa kwako. Ndiyo maana "nitaanza mwakani" ina bei unayoweza kuiandika kwa tarakimu. Na watu wawili wakilingana alama pale kwenye mstari wa mwisho, anayechukuliwa ni yule aliyeweka profaili mapema.

Karatasi ndizo zinazotuangusha

Kuna jambo moja ambalo watu wa huku kwetu tunalisahau kabisa. Ukialikwa una siku 60 za kupeleka maombi kamili. Siku 60 kwa Mkenya si nyingi. Cheti cha tabia njema kutoka DCI kinahitaji uende ukachukuliwe alama za vidole. Chuo chako kinaweza kuchukua wiki kadhaa kukutumia tu nakala ya matokeo. Na barua za kazi ndizo balaa lenyewe.

Kanada inataka barua ya mwajiri inayosema ulifanya kazi gani hasa, kwa saa ngapi kwa wiki, kwa mshahara gani, kuanzia lini hadi lini. Sasa niambie, ni wangapi kati yetu wana barua kama hiyo? Fundi wa umeme hapa Kibuye amefanya kazi miaka minane na mikono yake inajulikana hadi Ahero, lakini hana karatasi hata moja. Analipwa kwa M-Pesa, bosi ni mjomba, mkataba ni salamu. Nesi wa kliniki ya kibinafsi amefanya zamu za usiku miaka minne na kliniki ikafungwa bila kumwachia hata kadi.

Kwa hivyo usingoje ualikwe. Wiki hii nenda kwa kila mtu uliyemfanyia kazi, akiwa bado anakukumbuka kwa wema, uombe barua. Hifadhi taarifa za M-Pesa. Wasilisha ritani zako za KRA hata kama ni sifuri. Omba nakala ya matokeo chuoni sasa. Kumbuka pia matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka miwili tu, na tathmini ya vyeti miaka mitano. Nimemwona mtu akialikwa huku IELTS yake ikiwa imebakisha siku tisa kuisha.

Na uzuri wa karatasi hizi ni kwamba hazina uraia. Barua ya kazi itakusaidia ukiomba kazi kwa kaunti. Kingereza kilichonolewa kitakusaidia kwenye mahojiano ya shirika lolote hapa Milimani. Kifaransa kinalipa Kigali na Goma kama kinavyolipa Montreal. Hiyo ndiyo maana yangu ya kungoja kwa akili: kila unachofanya kwa ajili ya droo, kifanye kwa namna ambayo droo isipokuja bado umebaki na kitu mkononi.

Hakuna anayeuza mwaliko

Mahali penye watu wanaongoja, wafanyabiashara hufika. Utaambiwa kuna "slot". Utaambiwa kuna mtu ndani ya ubalozi. Utaonyeshwa picha ya mtu amesimama kwenye theluji. Omera, sikiliza: kuweka profaili kwenye Express Entry ni bure. Mwaliko hutolewa na mfumo kwa alama, na hakuna binadamu wa kuhonga kati yako na hesabu hiyo. Kisheria, anayeruhusiwa kulipwa ili akuwakilishe kwenye maombi ya Kanada ni mwanasheria wa kule au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao cha washauri wa uhamiaji, na majina yao unaweza kuyatafuta mtandaoni kabla hujatoa hata shilingi. Kwa kazi za nchi nyingine, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala walioidhinishwa. Angalia kwanza. Na wakala akikushauri ubadilishe tarehe moja tu kwenye barua ya kazi, kimbia: uongo kwenye maombi hukufungia mlango wa Kanada kwa miaka mitano, na jina ni lako, si lake.

Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Kuna waliouza mashamba. Huo ulikuwa mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti. Sasa yule jamaa wa ghorofa ya tatu asiye na hata risiti?

Kumbuka pia kwamba ukweli wenyewe ni ghali bila wakala. Kuanzia Julai 2025, mtu mmoja alitakiwa kuonyesha dola 15,263 za Kanada za kuanzia maisha, karibu Sh1.4 milioni, na ziwe zake. Pesa za kukopa kwa wiki mbili ili zionekane benki hazikubaliki, kwa maana wanauliza salio la miezi sita. Ada ya serikali yao pekee ilikuwa dola 1,525 kwa mtu mzima mwaka 2025. Sasa pesa hizo zitatoka wapi kama umekataa kila kazi ya hapa kwa sababu "uko njiani"? Hili ndilo lililoniamsha mimi. Nilikuwa nangoja mwaliko ambao, ungekuja, nisingeweza kuulipia.

Usiache mbachao kwa msala upitao

Kuna wanaosema kuwa na mpango wa pili ni kukosa imani. Nimesikia hata kwenye maombi ya kesha: funga mizigo, usiweke mizizi, mlango unafunguka. Naheshimu imani, mimi mwenyewe husali. Lakini sijaona mahali Mungu alipomwambia mtu asipande sukuma kwa sababu mvua ya nchi nyingine inakuja.

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaotuita wasaliti. Kwamba nchi imetusomesha nasi tunaikimbia. Hao nao wapunguze. Pwani hii ya ziwa imetuma vijana nje tangu zamani. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga na huko ndiko alikozikwa, alikuwa na miaka 29 alipofanikisha safari ya ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda Marekani. Jaramogi naye akatafuta nafasi upande wa Usovieti, na hospitali tunayoiita Russia hadi leo ilijengwa kwa msaada wa huko. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Karo ngapi za Nyanza zimo humo? Kwenda si usaliti.

Ila kuna tofauti moja. Wale wa 1959 waliambiwa ndiyo au la, wakajua. Sisi tumewekwa kwenye kungoja kusikokuwa na jibu. Hakuna barua inayokuja kukuambia umekataliwa. Unabaki tu ndani ya kapu, profaili inaisha, unaifungua upya, na kwa sababu hakuna aliyesema la, unaendelea kuishi kama mtu anayeondoka kesho. Hutaki kununua kitanda kizuri. Hutaki kujiunga na chama. Ukialikwa harusi ya Desemba unasema "kama nitakuwa nipo". Miaka mitatu inapita na wewe ni mgeni nyumbani kwenu.

Nenda Dunga siku ambayo gugumaji limefunika maji. Utawakuta wenye mashua wamekwama ufuoni, maana upepo ndio unaolileta na upepo ndio utakaoliondoa, na hakuna anayejua utageuka lini. Lakini waangalie wanachofanya. Huyu anashona wavu. Yule anaziba nyufa za mashua. Mwingine amechukua pikipiki aende akabebe abiria hadi jioni. Maji yakifunguka, wataingia. Yasipofunguka leo, watoto watakula.

Kwa hivyo, ndugu yangu, weka profaili yako, na uiweke leo kama umefikisha masharti. Rudia IELTS. Anza Kifaransa kama unaweza. Kusanya barua. Halafu jiwekee kikomo kilichoandikwa: nitajaribu hadi tarehe fulani, au hadi umri fulani, na baada ya hapo nitafungua ukurasa mwingine bila kujiita mshindwa. Ruhusu arifa za barua pepe, kisha acha kufungua ukurasa ule kila jioni. Mwaliko ukija utakufikia hata ukiwa kazini.

Na ile kazi ya Bondo au ya Homa Bay ikija, ichukue. Mimi ya tatu ilipokuja niliichukua. Bado niko kwenye kapu, nina miaka 31 na alama zangu za umri zimeshuka hadi 99. Ila sasa droo ikitoka Jumatano jioni, mara nyingi huwa naambiwa na wengine, kesho yake, nikiwa kwenye matatu ya kwenda kazini.